Laptopu ina HDMI, monita ina DisplayPort: ununue kebo gani?

Monita nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue zilitoka maofisini Ulaya. Dell U2412M, Dell P2214H, HP E231: bado ni vyombo vya maana, ila ukizigeuza nyuma utakuta matundu ya VGA, DVI na DisplayPort. HDMI hakuna. Laptopu ya mnunuzi, kama ni ya miaka ya karibuni, ina HDMI na labda USB-C. Basi mtu anakwenda dukani kuomba kebo yenye kichwa cha HDMI upande huu na cha DisplayPort upande ule, anapewa, anafika nyumbani anachomeka, monita inabaki nyeusi. Anairudisha, anabadilishiwa, mambo yale yale. Kebo ni nzima. Ilitengenezwa kupeleka picha upande mmoja tu, na yeye anaitumia kinyume.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kebo ipi ni nzuri, uliza picha inatoka tundu gani na inaingia tundu gani, kwa mpangilio huo huo: kompyuta kwanza, monita baadaye. Ukifika dukani na jibu hilo, hutababaishwa na maneno ya muuzaji, na mara nyingi utaondoka na kebo ya bei ndogo kuliko uliyokuwa umeipangia.

Kwenda ni rahisi, kurudi ni kazi

HDMI na DisplayPort zote ni za dijitali, lakini hazisafirishi picha kwa njia moja. HDMI ya kawaida hutuma rangi tatu kwenye jozi tatu za nyaya, na jozi ya nne hubeba mapigo ya kuziongoza. DisplayPort huikata picha vipande vidogo, kama data za mtandao zinavyokatwa, halafu huvituma kwenye jozi moja hadi nne bila jozi ya mapigo. Ili watu wasikwame, DisplayPort za kompyuta nyingi zilipewa uwezo wa kubadilika: tundu likigundua kwamba limechomekwa adapta ya HDMI, linaacha mtindo wake na kutoa mawimbi ya mtindo wa HDMI. Matundu ya namna hiyo huwekwa alama ya D na P zilizoshikana, na alama mbili za kujumlisha pembeni. Kilichobaki kwa adapta ni kurekebisha volti tu, ndiyo maana haina gharama.

HDMI haijui kubadilika hivyo. Laptopu yenye HDMI haiwezi kutoa mawimbi ya DisplayPort hata uifanyeje. Ukitaka kuingia kwenye DisplayPort ya monita kutoka HDMI ya laptopu, lazima katikati pawe na konvata yenye chipu inayopokea picha na kuitengeneza upya. Chipu hiyo inahitaji umeme, kwa hiyo konvata za kweli za upande huo karibu zote zina kimkia cha USB cha kuchomeka kwenye laptopu au chaja. Ukiuziwa kebo ya HDMI na DisplayPort isiyo na kimkia, chukulia kwamba ni ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI mpaka muuzaji aiwashe mbele yako.

Kwa monita za ofisi nilizozitaja kuna njia nyepesi zaidi ambayo maduka mengi hayaitaji: kebo ya HDMI kwenda DVI. HDMI ilirithi mawimbi ya picha kutoka DVI, kwa hiyo kati yao hakuna chipu wala umeme wa ziada, ni nyaya tu, na kebo inafanya kazi pande zote mbili. DVI ya kawaida inafika pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1200 kwa 60 Hz, yaani picha 60 kwa sekunde, ambayo ndiyo picha kamili ya U2412M, na P2214H yenye 1920 kwa 1080 inapita bila shida. Sauti ndiyo haitapita. Kwa kuwa monita hizo hazina spika, hupotezi kitu. Sauti itabaki kwenye laptopu. Njia hii haifai kwa monita ya 2560 kwa 1440, kwa sababu kwenye DVI ukubwa huo unataka jozi za ziada ambazo kebo ya kutoka HDMI haina.

Ukinunua kebo yenye DVI, hesabu pini za kichwa chake. Ubapa ulio pembeni ukiwa peke yake, hiyo ni DVI-D, ya dijitali tupu. Ukizungukwa na pini nne ndogo, ni DVI-I, ambayo inabeba na analogi, yaani mawimbi ya zamani yasiyo ya dijitali. Kichwa cha DVI-I hakiingii kwenye tundu la DVI-D; zile pini nne zinagonga plastiki, na watu huzikunja wakilazimisha. Nunua DVI-D, inaingia kote.

Hali ya kinyume nayo ni ya kila siku. HP EliteBook 840 za G1 hadi G3 zina DisplayPort na VGA bila HDMI, na ThinkPad T440 na T450 zina DisplayPort ndogo na VGA. Kompyuta za mezani kama Dell OptiPlex 7010 ni DisplayPort mbili na VGA. Hapo kebo ya bei nafuu ya DisplayPort kwenda HDMI inafanya kazi vizuri kwa monita au runinga ya 1920 kwa 1080. Zaidi ya hapo adapta za bei ya chini zinaanza kushindwa: za aina ya zamani ziliwekewa kikomo cha 165 MHz, ambacho ni 1920 kwa 1200, na aina iliyofuata inafika 300 MHz, yaani 4K (3840 kwa 2160) kwa 30 Hz. Kama monita yako ina DisplayPort na kompyuta ina DisplayPort, weka DisplayPort kwa DisplayPort na usihangaike na jingine.

VGA ikibaki ndiyo pekee

VGA ilianza na kompyuta za IBM PS/2 mwaka 1987 na ni analogi: pini 15, skrubu mbili, kichwa cha bluu. Bado inaonyesha 1920 kwa 1080, lakini herufi ndogo zitakuwa na ukungu kidogo, hasa kebo ikizidi mita 3 au ikiwa nyembamba isiyo na vile vivimbe viwili vya feraiti vinavyochuja mwingiliano wa umeme. Picha ikiwa imesogea pembeni au herufi zinatetemeka, fungua ukurasa mweupe wenye maandishi mengi, kisha bonyeza kitufe cha kujirekebisha kwenye monita. Ukifanya hivyo skrini ikiwa nyeusi, monita haipati kingo za picha na itajirekebisha vibaya.

Rangi ikiharibika kwenye VGA, rangi yenyewe inakuambia pini gani imekufa. Picha nzima ikiwa ya njano, bluu haipiti. Ikiwa ya zambarau kuelekea waridi, kijani imekatika. Ikiwa ya samawati ya kijani-bluu, nyekundu haipo. Angalia kichwa: mara nyingi utaona pini moja imelala. Inyooshe kwa ncha ya kalamu ya wino iliyotolewa mrija, polepole, kwa sababu ikikunjwa mara ya pili inakatika. Usishtuke kuona nafasi moja haina pini kabisa. Pini ya 9 mara nyingi haiwekwi.

Kutoka HDMI kwenda VGA unahitaji konvata yenye chipu. Zile kebo ndefu zenye kichwa cha HDMI huku na cha VGA kule, zisizo na kijisanduku chochote, ni nyaya tupu zinazounganisha vitu visivyoelewana, na wala usipoteze muda kuzijaribu. Konvata nzuri ina tundu la sauti la 3.5 mm, na yenye tundu la umeme wa ziada ni bora, kwa sababu umeme unaotolewa na HDMI ni mdogo na kuna laptopu ambazo hautoshi. Utaona picha inakuja na kukatika kila baada ya dakika kadhaa.

Anayenunua kadi ya picha ya mtumba naye ajue jambo moja: kuanzia kadi za GTX za mfululizo wa 10, watengenezaji wake NVIDIA waliondoa analogi kwenye DVI. Kale ka-adapta kadogo ka DVI kwenda VGA kalikofanya kazi kwenye kadi ya zamani hakatafanya kazi kwenye GTX 1050.

4K na 30 Hz inayoudhi

Hapa hesabu inasaidia kuliko matangazo. Picha ya 3840 kwa 2160 ina pikseli milioni 8.3. Kila pikseli ni biti 24, mara 60 kwa sekunde: karibu gigabiti 12 kwa sekunde, bado hujaongeza nafasi tupu kati ya picha na picha. HDMI 1.4 ya mwaka 2009 inabeba gigabiti 8.16 za picha. Haiingii. Kompyuta inashuka hadi 30 Hz bila kukuuliza, na unachokiona ni kishale cha kipanya kinachoburutika kana kwamba kompyuta imechoka. HDMI 2.0 ya mwaka 2013 inabeba 14.4, DisplayPort 1.2 ya mwaka 2010 inabeba 17.28. Zote mbili zinatosha.

Kitu kinachowachanganya wengi ni kwamba kompyuta moja inaweza kuwa na matundu ya uwezo tofauti. ThinkPad T470 kwenye HDMI inaishia 4K kwa 30 Hz, lakini USB-C ya laptopu hiyo hiyo inatoa 60. Laptopu nyingi za Intel za kizazi cha nne hadi cha kumi ziko hivyo. Hakuna kebo ya HDMI, hata ya bei gani, itakayoivusha HDMI ya T470. Tumia tundu jingine.

Kwa kebo zenyewe, usiangalie namba ya toleo iliyopigwa chapa kwenye ganda, kwa sababu kebo za HDMI hazipangwi kwa namba hizo. Zinapangwa kwa majina: High Speed inatosha 1080p (1920 kwa 1080) na 4K ya 30 Hz, Premium High Speed imepimwa kwa gigabiti 18, Ultra High Speed kwa 48. Daraja hizo mbili za juu huwa na lebo ya kuskani kwenye boksi. Kebo iliyoandikwa "8K" kwa herufi za dhahabu bila lebo hiyo ni maandishi tu. Ila kebo ya High Speed ya mita moja na nusu iliyotengenezwa vizuri mara nyingi inapitisha 4K ya 60 Hz pia, kwa hiyo jaribu uliyonayo kabla ya kununua nyingine.

Kebo ya dijitali inayoshindwa huonyesha dalili zake. Vinukta vyeupe au vya rangi vinavyometameta, hasa kwenye sehemu nyeusi. Skrini kuwa nyeusi sekunde moja mbili na kurudi. Au 60 Hz kutoonekana kabisa kwenye orodha. Haifanyi rangi kuwa "dhaifu" wala herufi kuwa na ukungu. Muuzaji akikuambia kebo yake inaongeza uzuri wa rangi, hiyo ni hadithi.

Urefu ndio unaoua. Kwa 4K ya 60 Hz baki mita 2 au 3. Mita 5 ni bahati. Kwa 1080p mita 10 ya nyaya nene inawezekana. DisplayPort ya 4K nayo usiizidishe mita 2 au 3. Kwenye ganda la kebo tafuta namba ya unene iliyofuatana na AWG: ndogo ndiyo nene, kwa hiyo 28 ni nene kuliko 30, na kwa kebo ndefu tofauti hiyo ina maana. Ukihitaji kuvuka chumba, kuna kebo zenye chipu au nyuzi za mwanga ndani, na hizo zina upande: kichwa kilichoandikwa "Source" kinakwenda kwenye kompyuta. Ukiipitisha kwenye bomba la ukutani kinyume, utaivuta yote nje.

Dhahabu kwenye vichwa haiongezi picha. Kwa Mombasa, Tanga au Unguja lakini, nisingeidharau: hewa ya chumvi hula metali, na kichwa chenye dhahabu hakishiki kutu upesi.

USB-C: umbo moja, tabia nyingi

Tundu la USB-C halimaanishi picha. Baadhi ni ya data na chaji tu. Angalia pembeni mwa tundu: alama ya DisplayPort au ya radi ya Thunderbolt inamaanisha picha inatoka. Kama hakuna alama, tafuta modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji, sehemu ya matundu. Simu nyingi za bei ya kawaida hazitoi picha kabisa. iPhone 15 na kuendelea zinatoa, na Samsung za Galaxy S kuanzia S8 pia.

Halafu kebo. Ile ya chaja haifai. Hata kebo ya kuchajia inayokuja na MacBook ndani yake ni USB 2.0, haina jozi za kasi zinazobeba picha, hivyo laptopu itachaji na monita itabaki kimya. Kwa picha unataka kebo yenye jozi zote, na huwa ngumu na nene kidogo mkononi. Kama monita haina USB-C, nunua kebo ya USB-C kwenda DisplayPort au kwenda HDMI, ukikumbuka tena upande: nyingi ni za kutoka USB-C, hazirudi.

Zile habu zenye HDMI, USB na kadi za kumbukumbu pamoja zina mtego wake. USB-C ina jozi nne za kasi kwa picha, lakini habu ikitaka na USB ya kasi huchukua mbili. Kwa laptopu ya DisplayPort 1.2, mbili zilizobaki zinabeba gigabiti 8.64, na umerudi kwenye 4K ya 30 Hz. Habu ikiandikwa "4K" bila kutaja 60 Hz, ni 30.

Pini ya 20

Kuna kasoro ya DisplayPort ambayo mafundi wanaichanganya na ubovu wa ubao mama. Pini ya 20 ya kila tundu hutoa volti 3.3 kwa ajili ya kuendesha adapta. Katika kebo ya kawaida pini hiyo haitakiwi kuunganishwa upande hadi upande. Kebo za ovyo huiunganisha, na monita inaanza kusukuma umeme ndani ya kompyuta. Dalili: kompyuta inakataa kuwaka monita ikiwa imechomekwa, au unaizima na taa fulani zinabaki, au feni inazunguka kidogo na kusimama. Chomoa kebo ya DisplayPort. Ikiwaka vizuri, kebo hiyo itupe, usimpe mtu mwingine.

Na usiing'oe DisplayPort kwa nguvu. Kichwa kina ndoano mbili ndogo. Bonyeza kitufe cha juu kwanza. Matundu mengi yaliyolegea kwenye monita za mtumba yalilegezwa hivyo.

Umeme usio na ethi

Ukigusa chuma cha laptopu inayochaji ukasikia mtetemo mdogo kwenye ngozi, chaja haina ethi (waya wa ardhini), na ganda limeelea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani, kwa mkondo mdogo sana. Kwa mtu si hatari ya kawaida. Kwa chipu ya HDMI ni hatari, kwa sababu ukichomeka kebo kati ya vifaa viwili vilivyoelea tofauti, tofauti hiyo inapita kwenye kebo wakati wa kugusana. Ndivyo matundu ya HDMI ya runinga na laptopu yanavyokufa bila mvua wala radi. Chomoa chaja ya laptopu na waya wa monita ukutani, unganisha kebo ya picha, kisha rudisha umeme, vyote viwili kwenye ekstensheni moja yenye ethi ya kweli.

Picha imekuja lakini si yenyewe

Nyeusi ikionekana ya kijivu kupitia HDMI, kompyuta imeidhani monita ni runinga na imebana kiwango cha rangi. Kwenye programu ya kadi ya picha, Intel au NVIDIA, tafuta kiwango cha rangi cha RGB (nyekundu, kijani na bluu) na ukiweke kamili. Herufi nyekundu au za bluu zikiwa na ukungu huku nyeusi ziko safi, rangi zimebanwa ili zitoshe kwenye kebo au tundu. Chagua RGB na uone kama 60 Hz inabaki. Ukitumia runinga na kingo za skrini zimekatwa, zima ukuzaji wa picha kwenye menyu ya runinga, na ile ingizo ya HDMI uipe jina la PC. Runinga nyingi hubadili tabia zikiona jina hilo.

Kwenye kompyuta ya mezani yenye kadi ya picha, kebo iingie kwenye kadi, si kwenye tundu la ubao mama lililo juu yake. Ni kosa la sekunde moja na linaeleza malalamiko mengi ya kwamba kadi mpya haina nguvu. Baada ya kuunganisha, kwenye Windows fungua mipangilio ya skrini, ingia kwenye mipangilio ya kina ya onyesho, usome pikseli na Hz zilizopo. 59 na 60 ni kitu kimoja. Monita ya 144 Hz ikisoma 60, chagua mwenyewe kwenye orodha. Windows haipandi yenyewe. Ikiwa orodha haina 144, hamia DisplayPort, maana monita nyingi za aina hiyo HDMI yake ina kikomo cha chini.

Kuhusu vile vikonvata vya USB ya kawaida, ya mstatili, kwenda HDMI: hilo si tundu la picha. Kompyuta inachora picha, inaibana kwa programu na kuituma kama data, kwa hiyo unahitaji draiva na prosesa inafanya kazi ya ziada. Kama laptopu yako haina tundu jingine, au unataka monita ya tatu kwa ajili ya majedwali na barua pepe, kinafaa. Kwa michezo hakifai, na kwa video ya skrini nzima utaiona ikikwamakwama.